Pumzi Haijarudi na Mbio Zimefika: Nishiriki au Nijitoe?

Swali: "Kocha, habari za kazi. Nimejiandikisha mbio za ramani na dira (za kutafuta vituo vilivyopangwa msituni kwa kusoma ramani) za siku mbili: Jumamosi mbio za kati, Jumapili mbio ndefu. Zimebaki wiki mbili. Nilitegua kifundo cha mguu nikakaa wiki tano bila kukimbia, na nilipoanza kurudi nikapatwa na mafua na homa ya siku mbili. Yameisha siku nane zilizopita. Nikitembea mguu hauumi, ila pumzi sina kabisa. Sitaki kuwaangusha wenzangu wa klabu, wala sitaki kwenda kuaibika. Nishiriki? Na nikishiriki, nikimbie vipi?"

Jibu: Ndugu yangu, pole na mguu. Kwa maelezo yako, Jumamosi nenda, mradi mwili upite majaribio nitakayokueleza. Jumapili omba kuhamishiwa mzunguko mfupi wa vituo, au uiache. Kabla ya hayo nataka tuzungumzie jambo ulilolitaja kwa kupita tu, nalo ndilo lililonishtua kuliko mguu na pumzi.

Jambo hilo ni homa. Mtu asiye fiti na mtu mgonjwa hawafanani. Asiye fiti atachelewa kufika. Mgonjwa anayejilazimisha kukimbia kwa nguvu anaweza kupoteza maisha, kwa sababu baadhi ya vimelea vinavyoleta homa na mafua huingia hadi kwenye misuli ya moyo na kuifanya ivimbe, na mazoezi mazito wakati huo huzidisha madhara. Mchezo wetu una historia ya uchungu katika hili. Nchini Sweden, kati ya 1979 na 1992, wanariadha vijana 16 wa mbio za ramani na dira walifariki ghafla kwa matatizo ya moyo. Madaktari waliochunguza vifo hivyo walikuta dalili za uvimbe wa misuli ya moyo kwa kadhaa wao. Mwishoni mwa 1992 mashindano yalisimamishwa nchini humo kwa miezi kadhaa, na wakimbiaji wakasisitiziwa kutofanya mazoezi wakiwa na maambukizi. Hawa hawakuwa watu dhaifu. Walikuwa vijana wenye mapafu na miguu ambayo mimi na wewe tungeitamani.

Kwa hiyo jaribio la kwanza ni hili. Kila asubuhi, kabla hujainuka kitandani, hesabu mapigo ya moyo wako kwa dakika nzima. Kama yamerudi kwenye kiwango chako cha siku zote, hakuna homa, kifua hakibani na miguu haina ule uchovu wa mwili mzima, endelea na mazoezi mepesi. Yakiwa juu kwa mapigo kumi hivi kuliko kawaida, siku hiyo usikimbie. Ukihisi maumivu ya kifua, moyo kupiga ovyo, au kizunguzungu unapojikaza kidogo, hapo mashindano hayana nafasi tena: nenda kwa daktari, mweleze kwamba ulikuwa na homa karibuni na kwamba unataka kukimbia, akupime moyo. Mafua ya puani tu, bila homa na bila kifua, hayanitishi. Yanayoshuka chini ya shingo ndiyo yanayonitisha, na hapo sikubali mjadala na mwanariadha yeyote, hata akiwa bingwa.

Jaribio la pili ni la kifundo. Kutoumia ukitembea hakuniambii kitu, maana msitu haukanyagwi kama sakafu. Simama kwa mguu ulioteguka, macho umefumba, uone kama unakaa imara kwa muda ule ule unaokaa kwa mguu mzima. Kisha ruka kwa mguu huo mmoja mara kumi, mbele na kwa ubavu. Ukiweza bila maumivu na bila mguu kuyumba, nenda ukatembee haraka kwenye ardhi yenye mawe, mizizi na mteremko, halafu ukimbie polepole hapo hapo. Kifundo kilichoteguka hupoteza uwezo wa kuhisi jinsi kilivyokaa, na uwezo huo huchelewa kurudi hata maumivu yakiisha. Ndiyo maana watu hutegua tena mguu ule ule wakati wanaamini umepona. Siku ya mbio ufunge kwa plasta ya michezo au vaa kishikizo cha kifundo. Kinga hiyo inajulikana kupunguza kuteguka upya. Wengine watakushauri umeze dawa ya maumivu kabla ya kuanza. Usikubali. Maumivu ndiyo habari pekee utakayopata kutoka mguuni ukiwa katikati ya msitu, na baadhi ya dawa hizo huelemea figo za mtu anayetoka jasho jingi.

Ukipita hapo, tuje kwenye pumzi.

Kinachopungua kwanza mtu anaposimama mazoezi ni ujazo wa damu, na hilo huanza ndani ya siku chache. Moyo unasukuma damu kidogo zaidi kwa kila pigo, hivyo kwa mwendo ule ule wa zamani unalazimika kupiga haraka zaidi. Utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 1984 uliwafuatilia wanariadha wa michezo ya ustahimilivu waliosimamisha mazoezi: uwezo wao wa juu kabisa wa kutumia oksijeni ulishuka asilimia 7 kwa siku 21 za mwanzo, na kufikia siku ya 56 ulikuwa chini kwa asilimia 16, ukatulia hapo. Wewe uko katikati ya namba hizo. Umepungua, hujaharibika. Wiki mbili hazitakurudishia yote, kwa hiyo usijaribu kulipa deni lote kwa mazoezi ya kasi. Ukifanya hivyo utafika siku ya mbio ukiwa mchovu juu ya kutokuwa fiti. Kimbia mara nyingi, muda mfupi, mwendo wa kuzungumza. Siku tatu za mwisho upumzike karibu kabisa.

Sasa fikiria kilichobaki. Kusoma mistari ya kontua, ile inayoonyesha mwinuko wa ardhi kwenye ramani, hujasahau. Kushika dira hujasahau. Kwenye mbio za barabarani mtu asiye na pumzi hana pa kujificha. Kwetu sisi muda unatokana na mambo matatu: kasi ya miguu, njia uliyochagua, na makosa uliyofanya. Umepoteza sehemu ya moja tu kati ya hayo. Chukua mzunguko wa kilomita 5 ambao kwa kawaida ungeukimbia kwa dakika 8 kwa kilomita, yaani dakika 40. Ukiongeza dakika nzima kwa kila kilomita utafika kwa dakika 45. Mwenzako aliye fiti akikosea vituo viwili kwa dakika nne kila kimoja, anafika kwa dakika 48. Nawe unajua kwamba dakika nne za kuzunguka kwenye kichaka ambacho kituo hakipo si jambo la ajabu hata kidogo.

Hesabu hiyo ina sharti moja. Ustadi wako wa ramani utakuwepo tu ukikimbia chini ya kiwango ambacho ubongo unaanza kuzidiwa. Mtu anapovuka kiwango hicho bado anaiona ramani, ila haielewi: jicho linapita juu ya bonde na kulisoma kuwa kilima, namba ya kituo inasomwa na haishiki. Na wewe leo kiwango hicho kimeshuka. Kasi ambayo miezi miwili iliyopita ilikuwa ya kawaida kwako, sasa ndiyo inayokufunga akili. Hapa ndipo wengi wanaorudi kutoka kwenye majeraha huharibikiwa: wanajua watakuwa wazito, lakini hawajui kwamba wakijikaza watakuwa pia wasomaji wabaya wa ramani, kisha wanasema mguu ndio uliowaangusha.

Kwa hiyo usikimbie kwa saa wala kwa hasira. Kimbia kwa sauti. Ukiwa njiani kuelekea kituo, jisemee sentensi nzima ya unachotarajia kukutana nacho: "Navuka kijito, jabali linakuwa kushoto kwangu, napanda hadi mgongo wa kilima, kibendera cha kituo kiko mwisho wa kibonde." Ukiweza kuimaliza sentensi hiyo bila kukatika, mwendo wako ni sahihi. Ukikatika katikati, punguza hadi uweze. Ukiwa na pumzi ya kutosha lakini huna cha kusema, basi hujui uendako, simama. Zoezi hili dogo linapima mapafu na ramani kwa wakati mmoja, na ndilo ninalotaka ulifanye kwenye kila mazoezi ya wiki hizi mbili.

Tuongee kuhusu mwanzo, maana ndipo mbio zako zitakapoamuliwa. Utakuwa umepumzika, damu imechemka, miguu inakudanganya kuwa imerudi. Ukichukua ramani, tembea. Tembea kutoka mahali pa kuanzia, pale penye pembetatu kwenye ramani, hadi uwe umeamua njia nzima ya kituo cha kwanza, na ukitaka ushauri wangu wa kweli, tembea hadi uwe umeona pia kitu kitakachokuambia kwamba umepita kituo: barabara, kijito, ukingo wa shamba. Watu wanaoanza kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, hutoka kwa dakika chache tu za tofauti, kwa hiyo aliyeanza nyuma yako atakupita mapema. Mwache. Kumfuata kunakufanya ukimbie kwa pumzi za mtu mwingine na kusoma ramani kwa macho yake, na kanuni za mbio za kuanza kwa zamu zinamtaka kila mshindani atafute njia mwenyewe. Atakapokosea utakuwa naye, na hutajua mko wapi.

Uchaguzi wa njia nao ubadilike. Mkimbiaji asiye na pumzi anauawa na kupanda, si na umbali. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, aliweka kanuni ambayo bado inatufaa: saa moja kwa kila maili tatu, na saa nyingine kwa kila futi 2,000 za kupanda. Ukiigeuza, inakupa kwamba kila mita moja ya kupanda ni sawa na takriban mita 8 za tambarare. Kwenye ramani yenye kontua kwa kila mita 5 za mwinuko, kila mstari unaoupanda ni mita 40 zaidi miguuni. Kwa mtu wa hali yako mimi huhesabu 60. Hesabu mistari kabla hujakata shauri la kwenda moja kwa moja. Mistari sita ya kupanda, kwa hesabu hiyo, inakupa ruhusa ya kuzunguka hadi mita 360 zaidi, na mara nyingi huko unakozunguka kuna njia ya miguu ambayo pia inarahisisha usomaji.

Ila kuna mtego kwa kifundo chako. Njia inayozunguka kilima bila kupanda wala kushuka, ukikanyaga ubavu wa mteremko mita baada ya mita, huokoa mapafu na kutesa kifundo, kwani mguu unakaa umepinda upande mmoja muda wote. Ubavu ukiwa mkali, afadhali upande wima kwa kutembea, upite juu kwenye mgongo wa kilima, ushuke tena. Ukiwa wa wastani, pita ubavuni bila wasiwasi.

Rangi za ramani nazo uzisome upya. Nyeupe ni msitu unaokimbilika. Kijani hafifu kinamaanisha kasi imeshuka hadi asilimia 60 au 80 ya ile ya msitu mweupe, kijani cha kati ni kati ya 20 na 60, na kijani kizito ni chini ya 20, pa kupigana na matawi. Kijani cha kati kina ukatili wake kwa mtu mchovu: hakionekani kibaya kwenye karatasi, unaingia, unainua magoti juu ya vichaka kwa dakika tano, na unapotoka pumzi yote uliyoitunza imekwisha. Kikwepe hata kwa gharama ya umbali.

Kwenye mlima, tembea. Sisemi hivyo kwa kukuhurumia. Mteremko ukiwa mkali, kutembea hula nguvu kidogo kuliko kukimbia kwa kasi ile ile, na hata wakimbiaji wa juu hutembea sehemu kama hizo. Zaidi ya hapo, ukitembea unaweza kusoma. Tumia kila mpando kupanga kituo kinachofuata na kile cha baada yake, ili juu usiwe na haja ya kusimama. Ukianza kushuka, kunja ramani na kidole gumba kibaki pale ulipo. Macho yote chini. Kifundo huteguka kwenye mteremko wa kushuka, tena katika nusu ya pili ya mbio, tena kwa mtu anayetazama ramani.

Katika theluthi ya mwisho makosa huja kwa sura nyingine. Hutapotea msituni, utaanza kuacha hatua ndogo. Utafika kwenye kibendera cha chungwa na nyeupe na kugusisha chipu, kile kifaa kinachorekodi kwamba umefika, bila kusoma namba ya kituo. Namba hizo huanzia 31, na mara nyingi vituo viwili vya mizunguko tofauti vimekaribiana, hiki cha 43 na kile cha 48. Kugusisha kituo kisicho chako na kukiacha chako kunakuondoa kwenye matokeo hata kama umekimbia vizuri namna gani. Jiwekee sheria: namba isemwe kwa sauti kabla ya kituo na isemwe tena kwenye kibendera.

Kuhusu Jumapili. Mbio za kati kwenye ngazi ya juu hupangwa ili mshindi amalize kwa dakika 30 hadi 35 hivi. Mbio ndefu kwa wanaume hupangwa kwa dakika 90 hadi 100, kwa wanawake 70 hadi 80. Huyo ni mshindi. Wewe, siku ya pili, misuli ya mapaja ikiwa imekaza kwa miteremko ya Jumamosi, unaweza kukaa msituni zaidi ya saa mbili na nusu juu ya kifundo kilichochoka. Sioni faida yake. Waandikie waandalizi leo, uliza kama kuna mzunguko mfupi wa ugumu ule ule wa ramani. Usishuke kwenye mzunguko wa wanaoanza. Huko vituo viko kwenye njia na makutano, utakimbia kasi kwa kuwa hakuna cha kusoma, nao mwili wako hautaki kasi. Punguza urefu, bakiza ugumu.

Na maji: kanuni za kimataifa zinataka vinywaji viwepo angalau kila dakika 25 pale mbio zinapokadiriwa kuzidi dakika 30. Dakika hizo zinapigwa kwa kasi ya mshindi. Kwako 25 zitakuwa 40. Beba chako.

Kujitoa nako kuna utaratibu wake. Maumivu yoyote ya kifua, kizunguzungu, moyo kupiga ovyo, au kifundo kinachobadilisha unavyokanyaga, acha mbio papo hapo. Ukijikuta umesoma kipande kile kile cha ramani mara tatu na bado hujui kinasema nini, tembea dakika tano. Kisipofunguka, acha pia. Kisha nenda kwenye mstari wa kumalizia ujitangaze kuwa umefika, hata kama hukumaliza kituo kimoja. Hili wengi hulidharau, wanapanda gari na kwenda zao, na watu wa kujitolea wanabaki msituni usiku wakimtafuta mtu aliyelala nyumbani. Kama huwezi kutembea, kaa penye uwazi, vaa ulichonacho, piga filimbi mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Anayekusikia ana wajibu wa kukusaidia kabla ya mbio zake, kama ulivyo nao wewe kwake.

Umetaja aibu, na umetaja klabu. Nafasi kwenye orodha ya matokeo haitakuambia kitu Jumamosi, kwa hiyo tumia kipimo kingine. Chukua muda wako wa kila kipande, yaani kutoka kituo kimoja hadi kingine, ulinganishe na wa mshindi. Kwenye vipande ulivyopita bila kosa utaona uko nyuma kwa kiwango kinachokaribiana, tuseme asilimia 35. Hiyo ni pumzi, na itarudi kwa mazoezi. Kipande ambacho umeachwa kwa asilimia 90 ni kosa la ramani. Kaa nacho jioni hiyo, chora njia uliyopita, tafuta ulipokoma kujisemea ile sentensi. Ukiwaletea wenzako wa klabu mbio ambazo vipande vyote isipokuwa kimoja au viwili viko kwenye kiwango kimoja, kocha yeyote anayejua kazi yake atajua amemwona mkimbiaji.

Jumapili ukiamka, kabla ya chai, panda na ushuke ngazi kwa mguu ulioteguka ukitangulia. Ukiwa umevimba au unashuka kwa kujishika, toa plasta, nenda mapema kwa waandalizi urudishe namba yako kabla ya kuanza, ili jina lako lisibaki kwenye orodha ya walioingia msituni.